Maneno adimu ya Kiingereza: mwongozo wa kuyatafuta ukiwa Mombasa

Mwaka 1604 Robert Cawdrey alichapisha mjini London kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kueleza Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno yapata 2,500, na yaliyochaguliwa ni yale magumu. Maneno ya kila siku aliyaacha, maana nani angeuliza mkate ni nini? Aliwalenga watu waliokuwa wakisikia maneno mazito kanisani au kuyakuta vitabuni, wakabaki wameduwaa. Kwa hivyo anayetafuta maneno adimu leo hafanyi jambo geni. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kamusi za Kiingereza.

Shida iko kwenye njia. Wengi hupakua orodha ya maneno mia kwenye simu, wakayakariri wiki moja, na wiki ya pili hayapo. Mimi nashikilia hivi: neno adimu hukaa kichwani likija pamoja na kitu linachokitaja, sentensi lilimotumika na mahali lilikotoka. Hapo mtu wa Mombasa ana bahati kubwa. Sehemu nono ya Kiingereza kilichojificha ni ya bahari, vyombo na biashara, na vitu vyenyewe tunavyo hapa, vingi vikiwa na majina ya Kiswahili ambayo wavuvi na mafundi wetu wanayatumia hadi leo.

Utahitaji vikaratasi au daftari, simu yenye bando na subira. Hakuna cha kununua kwa bei kubwa.

Hatua ya 1: Jua unatafuta uadimu wa namna gani

Kuna neno lililokufa, au lisiloishi sawasawa tangu mwanzo. Apricity, yaani joto la jua katika siku ya baridi kali, liliingizwa na Henry Cockeram katika kamusi yake ya 1623, lakini waandishi hawakulichukua. Ni neno zuri, ingawa kwetu hapa, jua la Januari likiwa kichwani, halina pa kutumika.

Kuna neno lililobuniwa kwa makusudi. Petrichor ni harufu inayotoka kwenye ardhi kavu mvua inapoipiga. Lilitungwa na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wakalitoa katika jarida la Nature mwaka 1964. Waliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: petra, jiwe, na ichor, jina la majimaji yaliyoaminiwa kupita katika mishipa ya miungu. Harufu yenyewe hahitaji kufafanuliwa mtu aliyewahi kusimama kizingitini matone ya kwanza ya mvua ya mwaka yakianguka.

Halafu kuna neno la kazi. Hili si adimu kwa wenyewe. Wanalitumia kutwa kucha, ila nje ya kazi yao hakuna alijuaye. Ningekushauri uanze na hili la tatu, kwa sababu unaweza kulifuata hadi mahali linapotumika ukaliona kwa macho.

Hatua ya 2: Anza na bahari na bandari

Ongea na wakala anayetoa mizigo Kilindini na hutakaa sana kabla hujasikia demurrage. Ni malipo yanayodaiwa meli au kontena ikikaa kupita muda uliokubaliwa. Neno limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kukawia, na ukishajua hivyo huwezi kulisahau. Mwulize pia dunnage. Atakuonyesha mbao na matandiko yanayowekwa chini na kati ya shehena ili isiloe wala isisogee chombo kinapoyumba. Mwanafunzi aliyepata alama za juu za Kiingereza anaweza asilijue neno hili, na kuli akawa analijua tangu siku yake ya kwanza kazini.

Kisha nenda kwenye maneno ya vitu vilivyopotea baharini, ambayo kwangu ndiyo matamu kuliko yote. Wengi wamewahi kusoma flotsam na jetsam yakiwa yameandamana, wakadhani ni kitu kimoja. Sheria ya bahari inayatenganisha. Flotsam ni vitu vinavyoelea baada ya chombo kuvunjika au kuzama. Jetsam ni vitu vilivyotupwa kwa makusudi ili chombo kipungue uzito kisizame. Lipo na la tatu, lagan: mali iliyozamishwa lakini ikafungwa boya au alama ili mwenyewe aje kuitoa. La nne ni derelict, mali iliyoachwa baharini pasipo tamaa ya kuipata tena. Yote manne bado yanaishi katika Sheria ya Usafiri wa Meli ya Uingereza ya mwaka 1995. Maneno haya yana uzito kwa sababu kila moja linajibu swali la pesa: mali hii ni ya nani?

Ukitoka hapo, shuka kwa wavuvi na mafundi wa vyombo, iwe Mji wa Kale, Likoni au Mtwapa. Salimia kwanza, kaa kidogo, ndipo uulize: “Mzee wangu, hiki mnakiitaje?” Usipige picha kabla ya kuomba ruhusa, hasa karibu na bandari ya kale. Andika jina la Kiswahili, kisha ukifika nyumbani utafute la Kiingereza. Njia hii ya kwenda kinyume ina faida kubwa: unakuwa umekwisha kukiona kitu, kilichobaki ni jina tu.

Kwa mfano, mvuvi atakwambia leo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana kwa sababu mwezi ni mwandamo au mpevu. Kiingereza chake ni spring tide, na halihusiani na majira ya mwaka. Siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, Waingereza husema neap tide. Neap ni neno la kale la silabi moja, na watu wengi wanaosema Kiingereza maisha yao yote hawajawahi kulitamka. Ngama, pale ndani chini ambapo maji machafu ya chombo hukusanyika, ni bilge. Mkuku ni keel.

Kalafati linastahili kukaliwa zaidi. Ni ile pamba au nyuzi anazozigongomea fundi katikati ya mbao ili jahazi lisivuje. Kitendo chenyewe Waingereza hukiita caulk, na nyuzi walizotumia wao ziliitwa oakum. Oakum ilipatikana kwa kunyambua kamba kuukuu za meli, uzi baada ya uzi. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa na wafungwa na mafukara waliohifadhiwa katika nyumba za maskini Uingereza, vidole vikachubuka. Neno la silabi mbili limebeba historia nzima ya taabu, na nisingependa mtu alijue kama “nyuzi za kuzibia” tu.

Usiyapuuze pia maneno ya kawaida yenye maana adimu. Sheet kwa baharia ni kamba ya kuendeshea tanga, ile tunayoiita demani, wala si shuka wala karatasi. Average, ambalo shuleni ni wastani, katika bima ya bahari ni hasara. Nahodha akitupa sehemu ya shehena ili kuokoa chombo, wenye mali wote hugawana hasara ile, na hiyo ndiyo general average. Maana ya bahari ndiyo iliyotangulia, ya hesabu ikazaliwa kutokana na kule kugawana. Wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha nyuma kupitia Kifaransa na Kiitaliano hadi kwenye neno la Kiarabu la bidhaa zilizoharibika.

Hatua ya 3: Andika kikaratasi, usiandike orodha

Mwaka 1879 James Murray, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alitoa wito kwa wasomaji wa Kiingereza popote walipo wamsaidie kukusanya maneno. Aliwataka watie alama kila neno litakalowashtua kwa uadimu, ukale, upya au upekee, na kila moja waliandike kwenye karatasi yake: neno pembeni juu, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, na chini yake sentensi kamili lilimokutwa. Kamusi ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000, na msingi wake ulikuwa vikaratasi hivyo.

Njia hiyo haijapata mshindani. Kata karatasi ya daftari mara mbili, na kikaratasi chako kiwe hivi:

Neno: lagan
Nilipolikuta: Sheria ya Usafiri wa Meli ya Uingereza, 1995, kifungu cha 255
Sentensi: “wreck” includes jetsam, flotsam, lagan and derelict
Maana kwa maneno yangu: mali iliyozamishwa ikawekewa alama ili ije kuopolewa
Lilikotoka: Kifaransa cha kale
Kwa Kiswahili: bado naulizia

Mstari wa maana ndio wenye kazi. Usinakili kamusi. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili chako mwenyewe, hujalielewa. Na mstari wa mwisho uruhusu ubaki wazi miezi, kwani siku moja mtu atakujibu.

Murray alipopokea vikaratasi aligundua jambo la kutufaa. Wasomaji walikuwa wamekimbilia vya ajabu wakasahau vya kila siku: neno abusion lilikuja na mifano yapata 50, na abuse lisifike mitano. Kwa hivyo kila unapoandika neno adimu, chunguza na ndugu yake wa kawaida. Mara nyingi huyo ndiye atakayekufaa kwenye mtihani na kazini.

Hatua ya 4: Jifunze kuisoma kamusi

Watu wengi hufungua kamusi wakaruka hadi kwenye maana. Soma alama kwanza. Obs. ni neno lililoachwa kutumika. Arch. ni la kikale, ambalo bado hutokea kwenye mashairi na maandiko. Dial. ni la lahaja, na rare linajieleza. Katika kamusi ya Oxford msalaba mdogo kama jambia mbele ya neno unamaanisha limekufa. Alama hizo zitakuokoa usije ukaliweka kwenye barua ya kuomba kazi neno ambalo mara ya mwisho lilitumika zama za Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755.

Kamusi kamili ya Oxford mtandaoni ni ya kulipia, lakini majalada ya toleo lake la kwanza yamepigwa picha na yako bure kwenye Internet Archive. Merriam-Webster na Collins zinafunguka bure. Kamusi ya Johnson nayo ipo. Faili za majalada ya zamani ni nzito, hivyo zipakue ukiwa kwenye waifai, usimalizie bando lako hapo.

Tovuti ya OneLook inastahili kutajwa peke yake. Inakuruhusu kutafuta kwa maana badala ya tahajia: unaandika maelezo ya kitu kwa Kiingereza chepesi, nayo inakuletea maneno yanayokaribia. Hapo ndipo utakapopata jina la kile alichokuonyesha fundi wa jahazi. Pia ukiandika kinyota mahali pa herufi usizozijua, itakupa maneno yote yenye umbo hilo.

Hatua ya 5: Lipasue neno, ulifuate lilikotoka

Vipande vya Kigiriki na Kilatini utavikuta katika kitabu chochote cha sarufi, na inatosha kujifunza thelathini au arubaini vinavyorudiarudia. Hapo sitakaa.

Nitakaa kwenye njia ya Bahari ya Hindi, kwa sababu watoto wa pwani waliopitia madrasa wanayo funguo ambayo wenyewe hawajui kuwa wanayo. Monsoon limeingia Kiingereza kutoka Kireno, na Wareno walilipata kwenye Kiarabu mawsim. Mawsim hiyohiyo ndiyo msimu wetu. Zenith na azimuth, maneno ya elimu ya nyota, yote yana asili ya Kiarabu na yaliwafaa mabaharia kabla ya kuwafaa wanafunzi. Serang, kiongozi wa mabaharia wa Kiasia katika meli za zamani, ni Kiajemi sarhang, na Kiswahili cha vyombo kina sarahangi. Serendipity, kupata jema ambalo hukulitafuta, lilitungwa na Horace Walpole katika barua ya mwaka 1754, akiegemea Serendip, jina la kale la Sri Lanka. Waarabu wakiita Sarandibu, na majahazi ya bahari hii yakiijua zamani sana kabla Walpole hajazaliwa.

Kwa maneno ya jamii hii kuna kamusi moja ninayoipenda mno: Hobson-Jobson ya Henry Yule na A. C. Burnell, iliyotoka 1886, iliyokusanya maneno ya Waingereza wa India. Humo utalikuta godown, ghala la bidhaa. Mtu wa London anaweza akalitolea macho neno hilo, na hapa Shimanzi na Changamwe limeandikwa kwenye mageti. Hata jina la kamusi lenyewe lina kisa. Askari wa Kiingereza waliwasikia waombolezaji wa Muharram wakilia “Ya Hasan! Ya Husein!”, masikio yao yakashindwa kuyashika majina hayo matukufu, wakayageuza Hobson-Jobson. Mombasa, ambako majlisi za Muharram zinasomwa kila mwaka, msomaji ataona mara moja ni nini kilichopotea katika kugeuzwa huko.

Hatua ya 6: Hakikisha

Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster ilitoka na neno dord, likielezwa kuwa ni uzito wa kitu kwa ujazo wake. Neno hilo halikuwapo duniani. Kikaratasi cha ofisini kilikuwa kimeandikwa “D or d”, kuonyesha kifupisho, mtu akazisoma herufi hizo kwa pamoja. Kosa likagunduliwa mwaka 1939. Na mwaka 2001 kamusi ya Oxford ya Kimarekani iliweka neno la uongo kwa makusudi, esquivalience, ili iwanase watakaoinakili.

Ikiwa kamusi za wasomi zinaweza kubeba neno hewa, basi zile picha za maneno ya ajabu zinazozunguka kwenye simu zina hali gani? Kanuni yangu ni hii: kamusi mbili zisizonakiliana, na sentensi moja iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema, si mfano wa kutungwa. Sentensi hizo zitafute katika vitabu vya zamani kwenye Project Gutenberg au Internet Archive. Neno likikosa sentensi, kikaratasi kiweke kando, usikitupe.

Hatua ya 7: Litafutie mwenzake wa Kiswahili

Hatua hii wengi huiruka, na mimi naiona kuwa ya lazima. Tumia kamusi zetu za sasa, kisha urudi kwa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilichapishwa London mwaka 1882. Imejaa maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, na ya nchi jirani alivyoyasikia, na Kiingereza alichoyaelezea ni cha karne ya 19, kwa hivyo unavuna pande mbili kwa mara moja. Nayo iko bure mtandaoni.

Ukiisoma utaumia kidogo. Mwaka 1928, mwaka uleule kamusi ya Oxford ilipokamilika, mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikabaki nyumbani, barazani na kwenye mashairi. Maneno mengi ya mshairi wetu wa kale Muyaka bin Haji leo yanahitaji maelezo hata kwa mtoto aliyezaliwa Kibokoni. Kwa hivyo unapopeleka neno la Kiingereza kwa bibi yako na kumuuliza “sisi twaitaje?”, unaokoa la upande wetu pia. Andika jibu lake kama alivyolitamka, hata kama halimo kamusini.

Hatua ya 8: Yatumie, lakini mahali pake

Katika insha, ripoti au barua ya kazi, neno moja adimu lililokaa mahali pake linatosha. Mawili yanamchosha msomaji. Kama lipo la kawaida linalosema jambo lilelile, chukua la kawaida. Demurrage haina mbadala, kwa hivyo itumie bila kusita.

Uwanja wa kuyamwaga ni michezo. Kwenye Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, utafurahi kuona kwamba orodha ya Collins inakubali askari, kanzu, kikoi, mzee na ugali, na z ya kanzu ni ya pointi kumi.

Mchezo mwingine hauhitaji hata ubao, unafaa barazani jioni, birika la kahawa likizunguka. Mmoja anachagua neno kutoka vikaratasi vyake, tuseme oakum, analitaja na kulitahajia. Kila mmoja anaandika maana ya kubuni kwa namna ya kamusi, naye anaandika ya kweli. Anazichanganya, anazisoma zote kwa sauti ileile, watu wanapiga kura. Ukipata ya kweli, pointi mbili. Kila kura itakayoangukia uongo wako, pointi moja. Na wote wakikosa, aliyeleta neno anapata tatu. Watoto wacheze pamoja na wakubwa. Aliyeleta neno lazima baada ya kura asome kikaratasi chote: sentensi, asili, na jina la Kiswahili. Akikuta mstari wa mwisho uko wazi, awaulize waliopo, na mzee mmoja akiwa na jibu, liandikwe palepale.